Leseni si Rehani

Dawa ya deni ni kulipa. Msemo huu nimeusikia mara tatu ndani ya mwezi mmoja, na mara zote tatu umetumika kufunga mjadala uliostahili kufunguliwa. Mara ya kwanza ilikuwa katika semina ya watumishi wa umma, ambamo mtoa mada mmoja alipendekeza mifumo ya serikali iunganishwe, ili mtu mwenye deni la maegesho asiweze kuhuisha leseni yake ya udereva, wala kupewa nakala ya iliyopotea, mpaka deni lake lisomeke sifuri. Ukumbi ulipiga makofi. Mara ya pili alinitamkia mwenzangu wa idara, nilipomweleza kwa nini mimi sikupiga. Mara ya tatu ni shemeji yangu, mtu wa maneno, aliyenikumbusha kwamba mimi mwenyewe nimewahi kuwa mdaiwa sugu wa maegesho katika nchi ya watu, na kwa hiyo nina maslahi katika shauri hili. Amesema kweli. Maslahi ninayo, na nayatangaza kabla sijaendelea.

Niliondoka nchini nikiwa sijawahi kushika usukani. Leseni yangu ya kwanza niliipata Marekani, katika jimbo ambalo nitaliacha bila jina, nilikokwenda kusomea shahada ya uzamivu. Chuo kilikuwa upande mmoja wa mji, vyumba vya kodi nafuu upande wa pili, na basi la mwisho liliondoka kabla maktaba haijafungwa. Nilinunua Toyota Corolla kuukuu, na kwa miaka mitano niliendesha bila kumgusa mtu wala kugusa gari la mtu. Makosa yangu yote yalitendeka gari likiwa limesimama. Mtaa wetu ulifagiwa upande mmoja kwa siku fulani na upande wa pili kwa siku nyingine, na aliyesahau alikuta karatasi imebanwa chini ya waipa. Nilisahau mara kadhaa, nikalipa mara kadhaa, wala sikulalamika.

Zilibaki hati mbili za wiki ya mwisho. Moja niliiona. Niliichomeka ndani ya kitabu nikisema nitailipa kesho, na kesho yake nilikuwa natafuta mizani ya kupimia masanduku. Ya pili sikuiona kamwe. Huenda upepo uliichukua, huenda mtu aliichukua. Nisieleweke vibaya: nilikosea, na mkosaji hulipa. Ninachotaka kukieleza ni kilichofuata.

Miaka mitatu baadaye, nikiwa Dar es Salaam, pochi yangu iliibwa ndani ya daladala kati ya Ubungo na Mwenge. Leseni ya Marekani ilikuwa humo, kwa kuwa uvivu wangu ulinizuia kuibadilisha mapema kuwa ya Tanzania. Ili nisianze upya kama mtu asiyejua gia, nilihitaji nakala yake, au walau barua ya jimbo lile kuthibitisha kwamba niliwahi kupimwa na kufaulu. Niliandika. Jibu lilikuja baada ya wiki kadhaa: faili langu lina zuio. Zuio linatokana na faini mbili za maegesho ambazo jumla yake ilianza dola 110 na sasa imekuwa dola 463. Ndani yake mlikuwa na tozo ya kuchelewa, tozo ya kuchelewa kulipa tozo, ada ya wakala wa kukusanya madeni, na ada ya kuondoa zuio lenyewe. Ilani zote zilikuwa zimetumwa katika chumba nilichokihama, ambako bila shaka mpangaji mwingine alizitupa pamoja na matangazo ya piza.

Basi, dawa ya deni ni kulipa, nami nikaazimia kuinywa dawa. Tovuti ya malipo ilidai namba ya posta ya Marekani yenye tarakimu tano ili ikubali kadi. Kadi yangu ya benki ya hapa haina namba hiyo. Hundi ilitakiwa iwe ya benki ya Marekani. Akaunti yangu ya huko nilikwisha kuifunga. Simu ilipokewa saa za kazi za kwao, ambazo ni jioni na usiku wa kwetu, na mara mbili nilisikiliza muziki wa kinanda kwa zaidi ya nusu saa mpaka salio likakata. Hatimaye mpwa wangu aishiye huko alikwenda dirishani na kulipa kwa niaba yangu. Hapo akaambiwa kwamba barua ya uthibitisho hutumwa tu kwenye anwani iliyo katika kumbukumbu, yaani kulekule kwa yule mpangaji. Kubadili anwani kulihitaji leseni.

Nilikuwa na nia ya kulipa, nilikuwa na fedha za kulipa, na deni halikulipika. Jambo hili wale waliopiga makofi ukumbini hawakulifikiria hata kidogo. Wao humwona mdaiwa kama mtu aliyeketi juu ya fedha zake na kukunja uso. Hawamwoni aliyehama, aliyebadilisha namba ya simu, ambaye ilani haikumfikia, au ambaye mlango wa kulipia umefungwa kwa komeo ambalo yeye hawezi kulifikia.

Mimi niliishia kuanza upya. Katika umri ambao wenzangu wanafundisha watoto wao kuendesha, niliketi darasani na vijana wa miaka kumi na minane, nikalipia leseni ya kujifunzia, nikafundishwa na mwalimu aliyeniita “mzee” kwa heshima na kwa dhihaka kwa wakati mmoja. Siku ya mtihani, askari wa usalama barabarani alinitaka nirudi nyuma kati ya nguzo, nisimame mlimani na kuondoka bila gari kuserereka, kisha akanionesha alama za barabarani. Hakuniuliza ninadaiwa nini na nani. Alikuwa anatafuta jambo moja, nalo ndilo hasa ambalo leseni imewekwa kulithibitisha: kwamba mtu huyu akiwa nyuma ya usukani hatawaua wengine.

Hoja yangu inaanzia kwa askari yule. Leseni ya udereva ni cheti cha ujuzi na cha usalama. Dola ina haki ya kuninyang'anya nikiendesha nimelewa, nikipoteza uwezo wa kuona, nikigonga na kukimbia. Katika hali zote hizo kuna uhusiano kati ya kosa na cheti. Lakini aliyeacha gari mbele ya duka kwa saa mbili bila kulipia hajaonesha kwamba hajui kuendesha. Ameonesha kwamba anadaiwa. Ukitumia cheti chake kumbana alipe, umekitoa katika kazi yake ya kulinda maisha na kukifanya rehani. Tena rehani ya ajabu, kwa maana katika desturi zetu rehani huwekwa na mdaiwa mwenyewe, kwa ridhaa, naye hujua kiasi alichokopa. Hapa mdai ndiye anayechukua, na ndiye anayepanga deni likue kwa kasi gani.

Mkasa wangu ni mwepesi. Nilipoteza miezi, fedha kidogo na majivuno mengi. Nilikuwa na mshahara, na kati ya nyumba yangu na chuo kuna daladala. Jirani yangu wa kule hakuwa na bahati hiyo. Alikuwa mzee Mkongo aliyetoka upande wa Uvira, mkimbizi aliyepita kambi za Kigoma kabla ya kupelekwa Marekani, na Kiswahili chake kilikuwa faraja yangu katika majira ya baridi. Alifanya kazi ya zamu ya usiku katika ghala lililo nje ya mji, mahali ambapo basi halifiki. Hati za maegesho zilimlimbikia, kwa kuwa aliyelala mchana baada ya zamu hawezi kuamka kuhamisha gari kupisha fagio. Leseni yake ikasimamishwa. Nilimuuliza: baba, sasa utafanyaje? Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama msomi. Alikuwa na watoto wanne. Aliendelea kuendesha. Siku aliposimamishwa kwa sababu ya taa moja ya nyuma iliyokufa, kosa lilikuwa limekwisha kuwa jingine: kuendesha akiwa amesimamishiwa leseni, jambo ambalo katika jimbo lile ni jinai. Alilala mahabusu usiku mmoja, akakosa zamu mbili, ghala likamwondoa. Deni la maegesho halikulipwa. Lingelipwa na nini?

Msomaji anaweza kusema kwamba hizo ni hadithi za mwalimu na jirani yake. Haya, tuache ushahidi wa jirani, tuingie katika kumbukumbu za umma. Mwezi Machi mwaka 2015, Wizara ya Sheria ya Marekani ilitoa ripoti ya uchunguzi wake kuhusu polisi na mahakama ya mji wa Ferguson, Missouri, uliofanyika baada ya kijana Michael Brown kuuawa na polisi Agosti 2014. Wengi wanaikumbuka ripoti ile kwa habari za risasi na ubaguzi. Mimi huwasomesha wanafunzi wangu ukurasa unaohusu maegesho. Mwanamke mmoja Mmarekani Mweusi aliegesha gari vibaya mara moja tu, mwaka 2007. Akaandikiwa hati mbili na faini ya dola 151 pamoja na ada. Maisha yake yalikuwa magumu, na kuna nyakati alikosa hata makazi. Aliposhindwa kulipa au kufika mahakamani akafunguliwa mashtaka ya kutofika, mara saba. Alikamatwa mara mbili, akakaa jela siku sita. Alijaribu kupeleka dola 25, kisha dola 50. Mahakama ikazirudisha, ikitaka deni lote kwa mkupuo. Kufikia Desemba 2014 alikuwa ameilipa mahakama ile dola 550 kwa ajili ya maegesho yale ya 2007, na bado alikuwa anadaiwa dola 541.

Naomba tarakimu hizo zisomwe tena taratibu. Alikwisha kulipa zaidi ya mara tatu ya faini, na salio lilikuwa zaidi ya mara tatu ya faini. Huo mji ulikuwa na wakazi wapatao 21,000. Kufikia Desemba hiyo watu zaidi ya 16,000 walikuwa na hati za kukamatwa zilizotolewa na mahakama yake, wengine wakiwa wapita njia kutoka miji jirani. Ripoti ilieleza wazi kwamba mapato ndiyo yaliyokuwa yakiongoza utendaji wa polisi na mahakama. Mji ulikuwa umekwisha kuwageuza watu wake kuwa shamba.

Tuhamie Chicago. Huko mkazi mwenye gari hutakiwa kununua stika ya jiji na kuibandika kwenye kioo. Mwaka 2012 faini ya kukosa stika ilipandishwa kutoka dola 120 hadi dola 200, na ikicheleweshwa, pamoja na tozo na gharama za ukusanyaji, iliweza kufika dola 488. Kwa sheria ya jimbo la Illinois ya wakati huo, hati kumi za maegesho zisizolipwa zilitosha kusimamisha leseni. Waliopandisha faini walitumaini hazina ya jiji itanona. Uchunguzi wa waandishi wa habari uliochapishwa mwaka 2018 ulionesha kwamba kilichonona ni orodha ya madeni yasiyolipika, hasa katika mitaa ya Weusi wenye kipato cha chini, na kwamba maelfu ya wakazi walikimbilia kufilisika kwa mujibu wa sheria ili tu wapate nafuu ya kurudi barabarani. Hata huko jiji liliwafuata: liliendelea kushikilia magari ya waliofilisika, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na Januari 2021 jiji likashinda.

Lakini kabla ya hukumu hiyo, bunge la Illinois lilikwisha kutambua kwamba adhabu inayomzuia mdaiwa kufika kazini ni adhabu inayomzuia kulipa. Sheria iliyotiwa saini Januari 2020 na kuanza kutumika Julai mwaka huohuo iliondoa usimamishaji wa leseni kwa sababu ya maegesho, na makumi ya maelfu ya watu wakarudishiwa haki ya kuendesha. California nayo mwaka 2017 iliacha kusimamisha leseni za walioshindwa kulipa faini za barabarani. Niseme wazi kwamba majimbo haya hayakuongozwa na watu wa huruma tu. Waliokaa chini na kupiga hesabu waliona wanapoteza.

Nayo misingi ya kisheria ilikuwapo zamani. Mwaka 1971, katika kesi ya Bell dhidi ya Burson, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba leseni ikishatolewa huweza kuwa nguzo ya riziki ya mtu, na dola haiwezi kuichukua bila kumpa nafasi ya kusikilizwa inayolingana na uzito wa jambo. Mwaka 1983, katika kesi ya Bearden, ikaamua kwamba mtu hawezi kufungwa kwa kushindwa kulipa faini kabla ya kuulizwa kama ana uwezo wa kulipa. Ilipita miaka mingi kabla ya misingi hiyo kuwafikia walioegesha vibaya. Sisi tunataka kuanza pale wenzetu walipokwisha kujikwaa.

Sasa niwatendee haki wapinzani wangu, maana wana hoja moja nzito, na mwenzangu wa idara aliitumia vizuri. Kwa miaka mingi wanadiplomasia wa Umoja wa Mataifa mjini New York walikuwa na kinga dhidi ya faini za maegesho. Wachumi wawili, Raymond Fisman na Edward Miguel, walichunguza kumbukumbu za mwaka 1997 hadi 2002 wakakuta zaidi ya hati 150,000 zisizolipwa, zenye thamani ya dola milioni 18 na zaidi. Wanadiplomasia wa baadhi ya nchi, Kuwait ikiongoza, walikuwa na mamia ya hati kwa kila mtu; wa Norwe na Uswidi hawakuwa nazo. Kisha mwishoni mwa 2002 jiji likapewa meno ya kuwashughulikia, na makosa yakaporomoka kwa takribani asilimia 98. Basi, akasema mwenzangu, huoni kwamba kubana kunafaa?

Kunafaa, lakini tazama nani alibanwa na alibanwa wapi. Jiji lilikuwa linaondoa namba za kidiplomasia za gari. Liligusa chombo, si ujuzi wa mwendeshaji. Na wabanwaji walikuwa watu ambao fedha ya kulipa wanayo au serikali zao zinayo. Kilichokosekana ni sababu ya kulipa. Mtu wa namna hiyo ukimbana, hutoa. Asiye nacho ukimbana, hutoroka, hujificha, au huendesha bila leseni. Utafiti ule mzuri unatufundisha habari za wenye uwezo, na mwenzangu aliuhamishia kwa jirani yangu wa Uvira. Huko London, kwa taarifa yenu, balozi nyingi zimekataa kwa miaka mingi kulipa tozo ya msongamano iliyoanzishwa mwaka 2003, Marekani ikiongoza kwa deni la mamilioni ya pauni, na ofisi za kibalozi za Kenya na Tanzania nazo zimo katika orodha. Sijasikia balozi yeyote aliyekataliwa nakala ya leseni yake.

Turudi nyumbani. Sheria yetu ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, ya mwaka 1966, inapoeleza mali za mdaiwa zinazoweza kukamatwa kwa amri ya mahakama, inaviweka kando baadhi ya vitu: nguo, vyombo vya kupikia, vitanda, na zana za fundi. Mdai aliyeshinda kesi, mwenye hukumu mkononi, hana ruhusa ya kumnyang'anya seremala randa. Torati nayo ilikataza mtu kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani. Watunga sheria wa zamani hawakuwa laini kwa wadaiwa. Walijua tu kwamba ukichukua randa umeua deni lako mwenyewe. Dereva wa daladala, wa lori la Tunduma, wa bodaboda, wa teksi, wa mkurugenzi: randa yake ni ile kadi ndogo ya plastiki. Iweje mdai mwenye hukumu azuiwe kuigusa zana ya fundi, halafu mkusanya ushuru wa maegesho, ambaye hakumfikisha mtu mbele ya hakimu yeyote, aruhusiwe kwa kubofya kitufe?

Kuna jambo la pili, ambalo mtoa mada wetu alilipita haraka sana. Ushuru wa maegesho huandikwa kwa namba ya gari. Anayeandika haoni uso wa mtu. Sasa, mwenye gari ni nani, na mwenye leseni ni nani? Mjini kwetu tajiri ana magari manne na pengine hana leseni hata moja, anao madereva. Dereva huambiwa “nisubiri hapa”, naye husubiri hapo, na saa ya kulipa bosi amekwisha kupanda ghorofani. Mfumo ukiunganishwa, utamzuia nani? Tena magari mangapi yameuzwa kwa makubaliano ya mdomo na karatasi ya mwanasheria, kadi ikabaki kwa jina la mwuzaji mwaka mzima? Mwuzaji yuko Mbeya, gari linaegeshwa Kariakoo kila siku, na deni linasoma jina lake. Haya yote ni maisha yetu ya kawaida, wala hayahitaji utafiti.

Na wako walio mbali. Mtanzania aliye Muscat, Doha au Minneapolis aliacha gari kwa mdogo wake. Mdogo mtu analitumia atakavyo, ujumbe wa deni unakwenda katika namba ya simu isiyotumika tena. Siku anapohitaji uthibitisho wa leseni yake ya nyumbani ili aombe kazi ya udereva huko aliko, atakuta zuio, kama nililolikuta mimi, ila upande wa pili wa bahari. Nasi tunaowahimiza ndugu zetu wa ughaibuni walete fedha na ujuzi tutakuwa tumewafungia mlango kwa sababu ya ushuru wa saa kadhaa mtaa wa Samora.

Katiba yetu inasema nini? Ibara ya 13(6)(a) inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki na wajibu wake vinapohitaji kuamuliwa, na haki ya kukata rufani. Ibara ya 22 inazungumzia haki ya kufanya kazi. Zuio linalowekwa na kompyuta usiku wa manane halijamsikiliza mtu. Wanafunzi wangu wa sheria watanijibu kwamba haki hizo zina mipaka, na ni kweli. Lakini mipaka huwekwa na sheria inayojadiliwa hadharani, si na waraka wa kuunganisha mifumo unaopitishwa kwa makofi ya semina.

Hapa ndipo huwa naulizwa: basi watu wasilipe? Walipe. Deni la gari lilifuate gari. Lizuie uhamisho wa umiliki, ili anunuaye ajue anachonunua na auzaye alazimike kukamilisha kadi. Gari likikutwa limeegeshwa na deni la muda mrefu, lifungwe tairi. Aliyelifuata gari lake hapo ndiye hasa tunayemtaka. Tozo ya kuchelewa iwe na kikomo, isizidi faini yenyewe, kwa sababu tozo isiyo na kikomo huwa riba, na dola haikumkopesha mtu huyu kitu. Anayeleta nusu apokewe nusu; tumekwisha kuona kilichotokea Ferguson pale dola 25 ziliporudishwa. Mkusanyaji athibitishe kwamba ilani ilimfikia mdaiwa kabla deni halijaanza kukua, na mzigo wa uthibitisho huo uwe wake. Nchini Finland, tangu mwaka 1921, faini za makosa mengi hukadiriwa kwa kipato cha mkosaji, hivi kwamba tajiri anayeendesha kasi huumia sawasawa na fukara. Hilo huenda ni mbali kwetu kwa sasa, ila nalitaja ili tusidhani kwamba faini moja kwa wote ndiyo sura pekee ya usawa.

Ninyi mlio maofisini, ambao rasimu hizi hupita mezani kwenu kabla hazijawa kanuni, nawaomba jambo moja dogo sana. Kabla ya kuweka saini, chukueni namba moja ya gari yenye deni, yoyote ile, mfuatilie kwa miguu mpaka mkute mtu. Jueni gari ni la nani leo, nani aliliegesha siku ile, ujumbe ulikwenda simu gani, na huyo mtu akitaka kulipa elfu tano leo na elfu tano mwezi ujao, ni dirisha gani litampokea. Mimi nimekwisha kuifanya kazi hiyo kwa namba moja, iliyokuwa yangu, na mpwa wangu bado ananidai nauli ya kwenda dirishani. Mwezi uliopita, kwa njia ya yule mpangaji, nilipata picha ya hundi iliyotumwa kwa jina langu kutoka kwa wakala wa madeni: nilikuwa nimezidisha malipo kwa dola mbili na senti kumi na nne. Ili niipokee, natakiwa kufika mwenyewe, na leseni halali ya jimbo.